Nyumba Inavuja? Tengeneza Paa Mbele ya Mvua

Mvua ikinyesha usiku Nyangezi, mama wengi wanaamka, si kwa kuomba tu, lakini kwa kusogeza vitanda na kutega sufuria. Wewe msomaji unayekaa chini ya paa ya betoni iliyo sawasawa, unajua habari hiyo. Watu wengi wanasema: "Ni maji tu, yatakauka." Sivyo. Ndani ya betoni mna vyuma. Maji yakivifikia, vinapata kutu. Kutu inavimba na kupasua betoni. Siku moja kipande kinaanguka, na chini yake watoto wamelala.

Fikiri tena uzito. Paa ya metre 8 kwa 5, yenye maji ya sentimetre 5 yaliyosimama, inabeba litri 2.000. Ni sawa na bidoni 100 za litri 20, ao tani 2!

Basi, tufanye nini?

Kwanza, chagua wakati. Kwetu Kivu ya Kusini kiangazi ni tangu mwezi wa sita mpaka wa nane. Usipande juu mvua ikikaribia: milima ya Kabare, jirani yetu, inapigwa na radi kuliko mahali pengine pote pa Afrika. Funga ngazi vizuri, na mtu mwingine aishike.

Pili, tafuta tundu. Maji ni mjanja: yanaweza kuingia huku na kudondoka metre mbili mbali. Safisha kwanza mfereji wa kutolea maji. Mara nyingi majani tu ndiyo yameuziba. Halafu angalia nyufa, mahali bomba linapopita, na pale paa inapokutana na ukuta. Hujaona kitu? Zungushia udongo sehemu moja, mwanga maji, ungoja. Anza upande wa chini, kisha panda kidogo kidogo. Mtu mmoja abaki ndani akitazama.

Tatu, tengeneza. Usimwage simenti mpya juu ya paa yote! Unaongeza mzigo bule, na ufa utarudi, kwa maana jua la mchana na baridi ya usiku vinavuta betoni kila siku. Panua ufa kwa patasi, piga brosi, toa vumbi. Jaza kwa simenti kipimo kimoja na mchanga safi vipimo vitatu. Nyunyizia maji siku saba, kisha acha pakauke kabisa. Halafu paka gudroni, laza kitambaa chenye nguvu juu yake, paka tena. Penye ukuta, pandisha gudroni sentimetre 15. Gudroni ya moto inachoma vibaya: ichemshwe inje, watoto mbali; ikiwaka, funika kwa kifuniko ao mchanga, usimwagie maji. Tena, maji yanayotoka kwenye paa yenye gudroni msiyanywe.

Lakini ukiona kutu inatoka darini, betoni imevimba, ao inalia kama kitu tupu ukiigonga, acha kupaka. Hamisha vitanda leo, ita fundi anayejua vyuma. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, la nguvu 5,9, lilitikisa Bukavu na kandokando yake. Nyumba iliyosimama siku ile inaweza kuwa na ufa uliofichwa na rangi.

Na ninyi vijana mnaolala chini ya bashi huko machimboni, sheria ni ileile: maji yasipate mahali pa kukaa. Vuta bashi, ipe mwinamo, chimba mfereji kuizunguka.

Baba, usingoje mwezi wa tisa. Mwisho wa juma hili, panda na ufagio tu, uangalie. Kusafisha mfereji hakuombi franka hata moja. Kujenga tena kunaomba akiba ya miaka. Na vijana, msimwachie mama sufuria peke yake.