Fimbo Haiondoi Hofu

Mtoto anayejiuma mikono mpaka damu itoke, anayegonga kichwa ukutani kila saa ya shule inapokaribia, au binti anayevaa mikono mirefu katika joto la Ifakara ili makovu yasionekane, huwa amekwisha kupewa majina mengi kabla hajafika kwa daktari: mkaidi, mwenye mashetani, aliyedekezwa, mwiga mambo ya simu. Majina hayo yote yanadai kueleza mtoto ni wa namna gani. Hakuna hata moja linalouliza tendo lile linamsaidia nini. Mzazi anayeanza na swali hilo, iwe Ifakara au kwingineko, yuko karibu zaidi na tiba kuliko anayeanza na fimbo, na ushahidi upo.

Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti mdogo ambao mpaka leo unafundishwa vyuoni. Watoto tisa wenye matatizo ya ukuaji, waliokuwa wakijiumiza, waliwekwa katika hali tofauti kwa zamu: mara mtu mzima anamjali mtoto pale tu anapojiumiza, mara mtoto anapewa kazi na kupumzishwa akijiumiza, mara yuko peke yake, mara anacheza. Kwa sita kati ya tisa, kujiumiza kulizidi katika hali fulani mahususi, na hali hiyo haikuwa moja kwa wote. Kwa maneno mengine, tendo linaloonekana kuwa wazimu mtupu mara nyingi lina kazi yake: kukwepa jambo gumu, kuita mtu, au kutuliza mwili. Wakati mwingine sababu ni nyepesi kuliko tunavyodhani. Mtoto asiyeweza kusema anaweza kujipiga sikio kwa sababu sikio limeoza ndani, au kujipiga shavu kwa sababu jino linauma, kwa hiyo sikio na jino vikaguliwe kabla ya kutafuta mchawi. Kwa kijana mwenye wasiwasi mkali mambo yanaweza kwenda hivi: hofu inapopanda, moyo unadunda, pumzi inabana, mawazo hayakamatiki, anajiumiza, na maumivu yanapopungua inakuja nafuu ya muda mfupi. Ubongo unaikumbuka nafuu hiyo. Kesho hofu ikirudi, mkono unajua pa kwenda.

Hapo ndipo fimbo inaposhindwa. Kumchapa mtoto anayejiumiza kwa hofu ni kumwongezea kilekile anachokikimbia. Wengi watajibu kwamba sisi tulichapwa na tukakua. Ni kweli, lakini hoja hiyo inawahesabu waliovuka salama, wakati hapa tunamzungumzia mtoto ambaye tayari amelemewa. Tobias Hecker na wenzake walipowahoji watoto 409 wa shule ya msingi Tanzania, katika utafiti uliotoka mwaka 2014, zaidi ya tisa kati ya kila kumi walisema wamewahi kuchapwa, na waliochapwa kwa ukali zaidi walikuwa na matatizo zaidi ya tabia. Mtu makini atauliza kama si watukutu ndio wanaochapwa zaidi. Inawezekana kabisa, maana utafiti wa aina hiyo hauwezi kutenganisha chanzo na matokeo. Lakini hata tukikubali hivyo, fimbo bado haijajitetea: imetembea kila nyumba, na tatizo lipo palepale.

Kuacha fimbo, hata hivyo, si kumwachia mtoto kila kitu, na hapa watetezi wa malezi ya upole hunyamaza upesi mno. Mama anayemruhusu mtoto kubaki nyumbani kila anapoogopa shule anampa nafuu ya leo na kuilisha hofu ya kesho. Eli Lebowitz wa Chuo Kikuu cha Yale aliwafundisha wazazi peke yao, bila kumtibu mtoto, namna ya kupunguza kidogokidogo huko kumsaidia kukwepa anachokiogopa, huku wakimwambia waziwazi kwamba wanajua anateseka na wanaamini ataweza. Katika jaribio la watoto 124 wenye matatizo ya wasiwasi, njia hiyo haikuzidiwa na tiba ya mazungumzo aliyopewa mtoto mwenyewe. Kwetu maana yake ni nzito: mahali pasipo na daktari wa akili wa watoto, mzazi mwenyewe anaweza kuwa sehemu ya tiba.

Wapo wanaosema watu wa bonde hili la Kilombero hawataacha kuyatazama mambo haya kwa jicho la mashetani. Historia ya hapahapa inawapinga. Daktari Louise Jilek-Aall, kutoka Norway, alianza kutibu wenye kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wagonjwa walitengwa hata kwenye chakula na wengine walikuwa na makovu ya moto walioangukia. Vidonge vya kila siku vilipopunguza kuanguka, watu walivifuata. Kuhusu degedege, utafiti wa Kilombero na Ulanga uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba imani kuhusu mashetani zilikuwapo bado, lakini mtoto alipougua kweli wazazi wengi walimpeleka kituo cha afya. Imani na hospitali zinaweza kukaa nyumba moja. Dua isikatazwe, ila isichukue nafasi ya daktari.

Wataalamu ni wachache, na hospitali ya akili ya Mirembe iko mbali, Dodoma. Lakini Kenya, katika jaribio la mpango uitwao Shamiri lililochapishwa mwaka 2021, vijana waliotoka sekondari karibuni, wasio wataalamu, waliendesha vikao vinne tu na wanafunzi 413 walishiriki. Dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua zaidi kuliko kwa waliofundishwa mbinu za kusoma. Wahudumu wa afya ya jamii wa Ifakara wangeweza kufunzwa kazi ya namna hiyo. Na kwa kuwa msimu wa mpunga huwapeleka wazazi wengi mashambani kwa wiki nyingi, mtoto akibaki na bibi, huyo bibi naye lazima afundishwe. Mpango wa kumsaidia mtoto unaojulikana na mama peke yake unavunjika siku mama anapohamia dunguni, kibanda cha shambani.

Kikwazo kingine ni ukimya. Watu huogopa kwamba ukimuuliza mtoto kama anawaza kufa utampa wazo hilo, ilhali jaribio la New York la mwaka 2005, lenye wanafunzi 2,342, halikuona madhara yoyote ya kuuliza. Sheria nayo inaogofya. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na ingawa wengi wanaojiumiza hawakusudii kufa, familia huficha jeraha kwa kuogopa polisi. Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangaza kifungu cha huko kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Bunge letu lina sababu ya kufanya vivyo hivyo.

Kwa mzazi, kwa wiki mbili andika kila mara mtoto anapojiumiza: nini kilitangulia, nini kilifuata, nani alikuwapo. Ipeleke karatasi hiyo kituo cha afya, au hospitali ya Mtakatifu Fransisko, bila kusubiri mavuno. Akitamka kwamba anataka kufa, mpeleke siku hiyohiyo na usimwache peke yake. Na leo jioni dawa za wadudu na za magugu zitoke chini ya kitanda, zifungiwe kwa kufuli, ufunguo ukae na mtu mzima.