Tusimpokonye Penseli Anayechora Mchezo

Alasiri moja ya muhula wa pili, mwaka wa 2019, kikundi cha waigizaji kilifika katika shule niliyokuwa nikifundisha karibu na Boito, huku Konoin katika Kaunti ya Bomet, kuigiza tamthilia ya Kigogo yake Pauline Kea, ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa vitabu teule vya mtihani wa kidato cha nne. Wasomaji walio walimu wanazifahamu vyema ziara za namna hii. Gari dogo huingia likiwa limesheheni watu na maleba, meza za bwalo husukumwa kando, shuka mbili hutundikwa zikawa pazia, na punde si punde wanafunzi mia kadhaa huwa wamebanana kwenye viti vya mbao wakingoja kumwona Majoka kwa macho yao wenyewe.

Anayeijua nchi hii ya majani chai anajua pia kwamba alasiri zake si za kuaminika. Mawingu hukusanyika juu ya mashamba baada ya chakula cha mchana, na aghalabu wachumaji huwa wangali kwenye foleni ya kupimia majani mvua inapowakuta. Siku hiyo ilianza kunyesha mchezo ukiwa umefika ofisini mwa Majoka, pale Ashua anapokuja kuomba msaada naye Husda akawakuta. Paa la bwalo letu lilikuwa mabati matupu yasiyo na dari. Kwa muda wa dakika ishirini hivi hatukusikia hata neno moja. Waigizaji, Mungu awape maisha marefu, hawakusita. Waliendelea kufumbua vinywa na kurusha mikono, nasi tukabaki kuwatazama kama watu walio upande wa pili wa kioo.

Mimi ndimi niliyekuwa mwalimu wa zamu. Katika kuzungukazunguka kwangu nilimwona msichana mmoja wa kidato cha tatu, ameketi safu ya nyuma karibu na dirisha, mkono wake ukienda mbio juu ya daftari alilolipakata. Macho yake yalikuwa jukwaani; mkono tu ndio uliokuwa ukifanya kazi. Nilidhani anaandika barua. Nikampokonya lile daftari pasipo kumwuliza lolote. "Samahani, Mwalimu," akasema, akainamisha kichwa. Nikalitia daftari mfukoni mwa koti, nikarudi mlangoni nikijiona nimeitenda kazi niliyoajiriwa kuitenda.

Jumatatu iliyofuata tuliirudia sehemu ile darasani. Niliwauliza wanafunzi swali ambalo nililidhani jepesi: katika mchezo tuliouona, Husda alipoingia, Majoka alikuwa amekaa wapi, naye Ashua alikuwa amesimama wapi? Hawa wakasema Majoka alikuwa mezani. Wale wakashikilia kwamba alikuwa amekwisha kusimama. Mmoja alimweka Ashua mlangoni, mwenzake akamweka kitini. Maneno ya waigizaji yalikuwa yamemezwa na mvua, jambo ambalo sikuweza kumlaumu mtu. Lakini kumbe hata yale waliyoyaona kwa macho yalikuwa yameyeyuka kwa siku mbili tatu tu. Nami, ili nisijifanye mjuzi, sikukumbuka zaidi yao. Hapo ndipo lilipokuja wazo la lile daftari lililokuwa bado katika koti langu.

Zilikuwa kurasa kumi na nne. Za kwanza hazikuwa na la kujivunia: vichwa vikubwa juu ya miili ya vijiti, mistari iliyopitana kama nyasi. Kuanzia ukurasa wa tano hivi, mkono ulikuwa umetulia. Husda aliingia kwa mstari mmoja tu, ulioanzia kisigino ukapanda hadi ncha ya mkono ulioinuliwa, mwili ukiwa umeinama mbele kama mtu apiganaye na upepo. Ashua alikuwa ameshika leso yake kifuani kwa mikono miwili. Majoka je? Alikuwa nyuma ya kiti. Katika mchoro wa kwanza yuko mbele ya meza; katika wa pili, wanawake wakiwa wameanza kuvutana, amerudi hatua moja; katika wa tatu amejificha nyuma ya kiti chake mwenyewe. Yule mwigizaji alikuwa amemfanya mkubwa wa Sagamoyo aogope, bila ya kusema neno, na katika bwalo zima aliyeliona jambo hilo na kulishika alikuwa mtoto mmoja. Kando ya michoro kulikuwa na maneno mafupi: "buluu", "mwanga wa dirisha", "mvua". Katika ukurasa wa mwisho alikuwapo mwanamume mnene anayekuja mbio, kiganja wazi, tai imekwenda upande. Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, ingawa kwa kuchelewa kidogo.

Tangu siku hiyo nimekuwa na maoni ambayo baadhi ya walimu wenzangu hawayapendi, nayo ni kwamba mwanafunzi achoraye mchezo ukiendelea yumo katika kusoma, na pengine anasoma kuliko aliyekunja mikono kwa adabu. Katika insha zetu za fasihi tunamtaka mwanafunzi afafanue uhusika wa Majoka, naye hutuandikia kwamba ni katili, ni fisadi, ni mbinafsi, kama alivyokariri. Msichana yule alikuwa amegundua kwamba ni mwoga, akalithibitisha kwa kiti.

Wala kazi hiyo si ngeni duniani. Edgar Degas wa Ufaransa, aliyefariki mwaka wa 1917, alizoea kwenda na daftari katika jumba la opera la Paris, opera ikiwa ni mchezo ambao waigizaji huuimba badala ya kuusema. Usiku mmoja wa Oktoba mwaka wa 1873 jumba lile la Mtaa wa Le Peletier liliteketea kwa moto. Miaka mitatu baadaye Degas alichora upya tukio la watawa wanaocheza ngoma katika opera ya Robert le Diable, lilivyokuwa likionekana katika ukumbi ambao wakati huo ulikuwa majivu. Kule Marekani alikuwapo Al Hirschfeld, aliyechora michezo ya Broadway kwa ajili ya gazeti la New York Times kwa zaidi ya miaka sabini, hadi alipofariki mwaka wa 2003 akiwa na umri wa miaka 99. Huyu aliweza kuchora gizani, na hata ndani ya mfuko wa koti, akikipapasa kipande cha karatasi kwa penseli huku macho yakiwa jukwaani. Wasomaji wake walipenda kulitafuta jina la bintiye, Nina, alilokuwa akilificha katika mikunjo ya nguo na nywele za waigizaji.

Nilipomrudishia msichana daftari lake nilimwuliza alijifunzia wapi kuchora bila ya kutazama karatasi. Alinijibu kwamba hakujifunza. Kila Jumamosi humsaidia mamake kuchuma chai katika shamba lao dogo, na mchumaji hatazami vidole vyake. Mkono hujua wenyewe majani mawili na chipukizi, wakati jicho limekwisha kutangulia kwenye mche unaofuata. Sikuwa nimelifikiria hilo, mimi niliyezaliwa na kulelewa katikati ya michai.

Mengine nimeyaokota kwa kuwachunguza yeye na waliomwiga. Anayetaka kuchora mchezo huanza na uti wa mgongo, kwa maana hapo ndipo hasira, uchovu na kiburi hukaa, kisha hutazama uzito wa mwili umeegemea mguu gani, kisha mikono. Uso huja mwisho, na mara nyingi hauji kabisa. Hana zaidi ya sekunde kumi. Kidole gumba cha mkono wa kushoto hubaki juu ya karatasi kama kigingi, ili mkono wa kulia ujue mahali ulipoachia. Mwigizaji akiondoka, mchoro huachwa ulivyo na mwingine huanzwa pembeni, kwa kuwa wahusika wana desturi ya kuirudia mikao yao, na mkao ukirudi mchoro ule hukamilishwa. Palipo na wimbo kazi huwa nyepesi zaidi, kwani mwimbaji wa wimbo mrefu huhitaji pumzi na hatembeitembei, na kiitikio humrudisha pale pale. Asiyeamini na aijaribu penseli yake kwa kwaya ya shule inayojiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limekuwapo tangu mwaka wa 1927.

Mwenzangu mmoja hunipinga kwa kusema kwamba achoraye hasikii. Nakubali, tena si kidogo. Penye majibizano mazito, au shairi, penseli huiba sikio, na mwanafunzi huyo huyo aliwahi kunikiri kwamba asingalichora sana siku ile kama mvua isingalinyesha. Kwa hiyo simwambii mtu achore mchezo wote. Yapo pia ya adabu: kikundi kiombwe ruhusa kabla ya mchezo kuanza, mchoraji akae mwisho wa safu, kurasa zifunuliwe polepole, na tochi isiwashwe kamwe. Mwigizaji anayemulikwa usoni ana haki ya kukasirika.

Wengine husema kwamba jambo hili halitahiniwi. Miaka ya mwanzo ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, sanaa ilikuwamo katika mtihani wa darasa la nane, kisha ikaondolewa, na kizazi kizima kikajifunza kwamba kuchora ni kupoteza wakati. Sasa mtaala wa umilisi umeirejesha. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu Januari 2026, na mojawapo ya mikondo mitatu waliyowekewa ni ule wa sanaa na michezo, wenye uchoraji na uigizaji ndani yake. Ni hatua njema. Lakini shule za mashambani zisizo na mwalimu wa sanaa, wala chumba, wala rangi, ni nyingi, na nahofia kwamba walimu watakaa kungojea vifaa huku madaftari yakiendelea kupokonywa. Mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa na simu. Alicho nacho ni penseli na kurasa zilizobaki nyuma ya daftari la muhula uliopita, navyo vinamtosha.

Darasa lile halikupata kuuona mchezo mara ya pili. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na kidato cha nne waliporejea mwezi wa Oktoba vikundi vya waigizaji havikuwa vikizunguka tena. Walikuwa wameiona Kigogo mara moja tu, nusu yake ikiwa imezamishwa na mvua, na mtihani ulikuwa mbele yao. Nilimwomba yule msichana awaazime wenzake lile daftari. Hakujibu upesi, nami nilijua sababu. Mwishowe alikubali, likawa likipita kutoka dawati hadi dawati, pembe zikachakaa, na asubuhi moja mtu akamwagia uji Sudi, yule mchongaji anayekataa kuchonga kinyago alichoagizwa na wakubwa.

Mtihani ulifanywa mwaka wa 2021. Walipokuwa wakifunga masanduku alikuja katika chumba cha walimu kulichukua daftari lake, akazihesabu kurasa mbele yangu, kumi na nne. Nilimwomba aniachie ule wa mwisho, wenye mwanamume mnene na tai iliyokwenda upande.

"Huo bado haujakamilika, Mwalimu," akaniambia, akalitia daftari sandukuni.