Trekta Dogo: Lenye Kibanda au Lililo Wazi?

Mkulima anunuaye trekta hutoa fedha siku moja, lakini hukaa na trekta lile miaka mingi. Kwa hiyo yampasa kufikiri kabla ya kununua. Swali moja litakalomjia ni hili: lifaalo ni trekta lenye kibanda, au lililo wazi? Kibanda ni kile chumba kidogo cha chuma na vioo ambamo dereva huketi. Jibu halipatikani kwa kutazama trekta peke yake. Yapasa kutazama shamba kwanza, kisha uhai wa dereva, kisha mfuko.

Katika mkoa wa Ruvuma zipo nchi mbili zilizo jirani, wala hazifanani. Juu iko nchi ya Wamatengo, penye mji wa Mbinga. Mashamba yake mengi yamo katika milima yenye kimo cha mita 1,300 na zaidi juu ya bahari. Huko hustawi kahawa, mahindi na maharage, na mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali. Chini uko ufuko wa Ziwa Nyasa, penye Lituhi, Liuli na Mbamba Bay. Uso wa ziwa una kimo cha mita 475 hivi tu, na joto lake ni kubwa. Huko watu huvua samaki, na hulima mihogo na mpunga.

Mashamba mengi ya Umatengo yamelala juu ya miteremko mikali, na wenyeji waliyapatia dawa tangu zamani, nayo ni ngoro. Mvua zikikaribia kwisha, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza chini kwa mistari inayokatana, hata mteremko wote ukaonekana kama wavu. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi zile. Mahali palipochimbwa hubaki shimo, na pembeni hubaki tuta, ambalo juu yake hupandwa maharage, na msimu ufuatao mahindi. Mvua inyeshapo, maji hutulia katika mashimo, wala hayakimbii na udongo. Nazo nyasi zilizozikwa huoza zikawa mbolea. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika juu ya ulimaji huo, na baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Japani, walikuja kuuchunguza.

Basi, trekta halina kazi katika shamba la ngoro. Likilima kwa kupanda na kushuka, kila mfereji wa plau utakuwa njia ya maji, na udongo utashuka mtoni. Likilima kwa kukata mteremko, laweza kupinduka na kumwua dereva. Hapo jembe la mkono ndilo chombo cha akili, wala si cha ujinga.

Inafaa kujua sababu ya trekta kupinduka. Kila kitu kina mahali ambapo uzito wake ni kama umekusanyika. Katika trekta mahali hapo ni juu kuliko watu wengi wadhanivyo. Trekta likisimama mahali pa mteremko, uzito huelemea magurudumu ya upande wa chini. Gurudumu moja la chini likiingia shimoni, au la juu likipanda kisiki, uzito huvuka magurudumu na trekta huanguka ubavu. Tena laweza kuanguka kinyumenyume, kama mzigo umefungwa mahali pa juu mno kwa nyuma, nalo likavuta kwa nguvu. Mambo hayo hutokea kwa muda mfupi sana, hata dereva hapati nafasi ya kuruka.

Kwa sababu hiyo matrekta mengi ya siku hizi huwekewa upao wa kinga, yaani mhimili wa chuma kigumu unaosimama nyuma ya kiti, juu kuliko kichwa cha dereva. Trekta likipinduka, upao hulizuia lisimlalie mtu. Nchi ya Sweden iliamuru mwaka 1959 kwamba matrekta mapya yawe na kinga ya namna hiyo, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Lakini upao wataka mshipi. Dereva asiyejifunga mshipi hutupwa nje, na huenda akapondwa na upao ule ule. Trekta lisilo na upao, lisifungwe mshipi. Tena mnunuzi asidanganyike: paa la bati au la turubai lazuia jua, halizuii kifo.

Kibanda kilichojengwa imara hufanya kazi ya upao, na tena huzuia mvua, vumbi, baridi na kelele. Hayo si mambo madogo kwa mtu afanyaye kazi kutwa. Lakini dawa ya kuua wadudu ni jambo jingine. Kibanda cha kawaida hakiisafishi hewa. Chataka chujio maalumu, na vioo vyote vifungwe.

Kibanda kina hasara zake pia. Huongeza bei na uzito, na uzito ule huwekwa juu, mahali pasipotakiwa. Tena kimo chake hukwama katika matawi ya miti ya kivuli na migomba iliyopandwa pamoja na kahawa. Penye joto la ufukoni, kibanda cha vioo kisicho na mtambo wa kupoza hewa huwa kama tanuri. Chenye mtambo, siku utakapoharibika fundi wake yu mbali.

Kwa mkulima mwenye shamba la tambarare karibu na ziwa, basi, trekta dogo lililo wazi, lenye upao, mshipi na paa la kivuli, hutosha. Mwenye kahawa mahali pasipo na mteremko mkali atafute upao unaokunjwa. Akiisha kupita chini ya matawi, ausimamishe tena mara moja. Kibanda kitamfaa yule afanyaye kazi siku nyingi katika vumbi au mvua, mwenye fedha ya kukitunza. Na mwenye shamba dogo la mpunga huenda akatosheka na pawatila, au na kukodi trekta la jirani.

Zamani wakubwa pia walikosea kwa kutanguliza mashine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mashamba makubwa ya karanga Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama tofali. Plau zikalika, matrekta yakaharibika, mafundi na vipuri havikutosha. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea. Ardhi haikuulizwa kwanza.

MASWALI

1. Kwa nini maji ya mvua hayachukui udongo wa shamba la ngoro?
2. Eleza njia mbili za trekta kupinduka.
3. Upao wa kinga wataka nini ili umwokoe dereva?
4. Shamba la kwenu lina mteremko gani? Chombo gani chalifaa, na kwa nini?