Mfarishi Unaokunjwa Ukawa Mto

Katika bonde la Mto Kilombero, lililo baina ya milima ya Udzungwa na vilima vya Mahenge, aila nyingi za wakulima huishi katika makao mawili kwa mwaka mmoja: nyumba ya kudumu iliyoko mjini Ifakara au katika kijiji kilicho kando ya barabara, na dungu la miti na nyasi lililojengwa kondeni, huko ambako mto ukifura wakati wa masika hutandaza rutuba yake juu ya mashamba ya mpunga. Mashamba yaliyo bora aghalabu yako mbali, hata mtu hawezi kwenda na kurudi kila siku. Kwa hiyo tangu kulima na kupanda hadi mavuno, na hususan mashuke yanapoanza kuiva na ndege wakawa ni wa kuamiwa toka alfajiri mpaka magharibi, baba, mama na watoto huhamia huko kwa majuma na pengine kwa miezi, wakichukua sufuria, majembe, chumvi, kiberiti, chandarua na malazi.

Malazi ndiyo mzigo wenye taabu kuliko yote. Godoro halichukuliki kwa baiskeli wala kwa mtumbwi ila kwa mashaka. Mto wa sufi, ambao mababu zetu waliusifu kwa ulaini wake, ukilowa maji, sufi iliyomo hushikana madonge. Blanketi ni jema, walakini likifungwa kamba hulegea njiani likaburura vumbi, na mwenye blanketi bila mto hulazimika kukunja nguo zake za kesho aziweke chini ya kichwa. Mtu aliyeinama kondeni kutwa nzima anastahili kulaza shingo yake mahali pazuri, na sioni kwa nini jambo hilo liwe haki ya mwenye gari peke yake.

Iko namna moja ya ushoni inayokidhi haja hii kwa kitambaa kichache na ustadi wa kadiri. Hushonwa mfarishi mwembamba, wa tabaka tatu, kisha kwenye ncha yake moja ukatiwa mfuko wa mraba. Mchana mfarishi wote hukunjwa ukaingia ndani ya mfuko ule, ukawa mto kamili wa kuegemea au wa kubebwa kwapani. Usiku hutolewa ukatandazwa, na mfuko uliokuwa mto ukawa mahali pa kutia miguu ili isipigwe na baridi. Huko Marekani na Uingereza, ambako ushonaji wa mifarishi una vyama vyake na maonyesho yake, watu wameizoea namna hii na huifanya iwe zawadi ya watoto na wasafiri. Kwetu sisi ingefaa zaidi, maana wao wanaitaka kwa starehe, na mkulima wa Kilombero anaitaka kwa safari ambayo hana budi kuifanya kila mwaka.

Wala asidhani mtu kwamba kushona mifarishi ni jambo geni kwa watu wa asili yetu. Katika jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa Bara Hindi, wako Wasidi, wazao wa Waafrika ambao wengi wao walichukuliwa kutoka pwani za Afrika na kupitishwa Goa katika zama za utawala wa Wareno. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi kwa vipande vya nguo kuukuu za aila, wakianza ukingoni na kuzunguka kuelekea ndani hadi mishono ikakutana katikati, na katika pembe huweka vipande vilivyokunjwa vya pembetatu viitwavyo phula, yaani maua, ambavyo mfarishi ukivikosa huhesabiwa kuwa uchi. Mimi hufurahi kila nikumbukapo kwamba mikono ya watu hao, baada ya karne kadhaa ng'ambo ya bahari, imeupa utambara uliochakaa heshima kubwa kiasi hicho.

Tukirudi bondeni, vifaa vyote vimo. Ifakara ina wanawake wafumaji waliojiunga katika chama chao, wafumao vitambaa vya pamba kwa vitanda vya mfumi, na nguo yao ni nzito na imara, yafaa sana kwa upande wa chini wa mfarishi. Mafundi cherehani wako barazani karibu kila mtaa. Vitenge na khanga hupatikana sokoni, na aliye na khanga kuukuu sandukuni hana haja hata ya kwenda sokoni, maana khanga iliyofuliwa mara nyingi ni laini kuliko mpya.

Sasa na tueleze kazi yenyewe. Kitenge huuzwa chenye upana wa takriban inchi 45. Kata yadi mbili za upande wa juu na yadi mbili za upande wa chini, nawe utapata mfarishi wa inchi 45 kwa inchi 72, unaomtosha mtu mzima asiye mrefu kupita kiasi. Doti moja ya khanga, yaani moja juu na moja chini, hutosha mfarishi wa mtoto. Kabla ya kukata, loweka kitambaa kipya na kukifua ili dondo litoke, kirudi kama ni cha kurudi, na kichuje kama ni cha kuchuja. Mwenye kuruka hatua hii atakuja kuona mfarishi wake umejikunyata na rangi ya juu imeingia upande wa chini.

Tabaka la katikati lataka busara. Sufi haifai hapa, kwa kuwa nyuzi zake ni telezi na fupi, hazishikamani, nazo zikifuliwa hukimbilia pembeni. Pamba ghafi hufaa ikiwa mishono itakuwa ya karibu karibu. Lakini kwa bonde letu, ambalo Ifakara yake iko chini ya mita 300 juu ya bahari na joto lake latosha, mimi nachagua blanketi jembamba lililochakaa au flaneli: havina madonge, hukauka upesi, wala havimtoi mtu jasho. Unene nao una hesabu yake, kwa sababu kila unene utakaotiwa katika mfarishi utarudiwa mara kumi na tano ndani ya mto. Mfarishi wa blanketi nene hauingii mfukoni hata ukipigwa magoti.

Tandaza tabaka la chini sakafuni, uso wake ukitazama ardhi, weka blanketi juu yake, kisha kitenge cha juu, uso ukitazama mbingu. Piga bandi kwa mkono, ukianzia katikati na kwenda pande zote nne, ndipo upeleke cherehani. Tia sindano nene, namba 16, na uurefushe mshono kidogo. Anza tena katikati, maana mguu wa cherehani husukuma kitambaa cha juu mbele ya kile cha chini, na aliyeanzia ukingoni atajikuta ana mkunjo mnene usio na pa kwenda. Mistari iliyoachana inchi nne yatosha kuzuia tabaka zisihame. Mwenye kupenda uzuri na afuate maua ya kitenge chenyewe. Mwisho zungusha upindo, au tia taraza ya rangi nyingine, na mfarishi umekwisha.

Hapo mafundi wengi hudhani kazi imebaki ndogo, ilhali ndipo penye siri. Kata vipande viwili vya mraba, kimoja cha kitambaa kizuri kitakachokuwa uso wa mto na kimoja cha bitana, uviunganishe hata mraba uliokamilika uwe na inchi 17 kila upande. Laza mfarishi kifudifudi, upande wa chini ukiwa juu. Weka mraba katikati ya ncha moja, ukingo wake ukilingana na ukingo wa mfarishi, na uso mzuri ukiwa umefichwa, yaani umelala juu ya mfarishi, bitana ndiyo inayoonekana. Shona ukingo ule wa nchani na kingo mbili za ubavuni. Ukingo wa nne, unaotazama katikati ya mfarishi, uache wazi uwe kinywa. Uso mzuri sharti ufichwe, kwa sababu mfuko utageuzwa nje ndani wakati wa kukunja, na kilichofichwa ndicho kitakachotokea. Fundi akiuweka uso juu kwa kufuata mazoea ya mfuko wa shati, mto wake utaonyesha bitana kwa watu wote. Penye pembe mbili za kinywa rudia mshono mara tatu au nne, ukitaka uweke na kiraka kidogo cha pembetatu, maana nguvu zote za mkono unaovuta huishia pale.

Kukunja ni hivi. Geuza mfarishi ili mfuko uwe chini. Kunja bawa la kushoto na bawa la kulia, ambayo kila moja ni la inchi 14, yaje juu ya sehemu ya katikati yenye upana wa mfuko. Sasa una ukanda mrefu wa tabaka tatu. Tia mkono katika kinywa cha mfuko, shika pembe za mwisho, uugeuze nje ndani, na uso mzuri utatokea kwa ghafula. Ule urefu uliobaki, wa inchi 55, ukunje mara nne za inchi 14 hivi, uusukume ndani. Mtoto mwenye umri wa kwenda shule huweza kazi hii baada ya kuonyeshwa mara moja, nayo humpendeza sana.

Manufaa hayaishii kondeni. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi katika Zambia, mwendo wa kilomita 1,860, hupita Ifakara na Mlimba kisha hupanda hadi Makambako, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Abiria aliyepanda akitokwa jasho bondeni hutetemeka kabla safari haijesha. Akiwa na mto wa namna hii huuegemea dirishani, na baridi ikianza huufungua akajifunika, miguu yake ikiwa mfukoni.

Lakini neno moja sharti lisemwe, na hasa Ifakara, mji ambao uchunguzi wa maradhi ya nchi za joto umefanywa tangu Rudolf Geigy, mtaalamu wa Uswisi, alipofika mwaka 1949 na maabara ikafunguliwa mwaka 1957. Mfarishi si chandarua. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vyandarua vyenye dawa vilipoenezwa tangu 1997, wataalamu walitangaza baadaye kwamba watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliolala ndani yake walipata nafasi ya kunusurika iliyozidi kwa asilimia 27. Mbu hupenya kwa mdomo wake hata katika kitambaa kilichogusa ngozi, na mtu hufunua bega usingizini pasipo kujua. Basi mfarishi na uwe chini ya chandarua, na ncha za chandarua zichomekwe chini ya mkeka.

Matunzo yake ni machache. Ufue ukiwa umefunguliwa, wala usiufue ukiwa mto, na uuanike mfuko ukiwa umegeuzwa ili bitana nayo ipate jua. Usiukunje una unyevu, hususan wakati wa masika, kwa kuwa ukungu hupenda penye giza. Kitakachochakaa kwanza ni uso wa mto, kwani ndio unaoburutwa na kuegemewa. Hapo fumua kingo tatu za ule mraba peke yake, ushone mwingine mahali pake, na mfarishi wenyewe utadumu misimu mingine mingi.