Je, Wajua? Barua Pepe ya Kazi Yaweza Kuifuta Simu Yako

Ukiunganisha simu yako na barua pepe ya ofisi kupitia Exchange, mfumo wa barua pepe wa Microsoft, huenda ukaombwa kumruhusu msimamizi wa mitambo alazimishe nenosiri na hata kuifuta simu akiwa mbali. Ukikubali, aliyeketi Kitale aweza kufuta picha za harusi zilizo kwenye simu iliyoko Bungoma!

Kinga ipo. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, simu yaweza kutengewa wasifu wa kazi, yaani sehemu ya mambo ya ofisi iliyotengwa na mambo yako binafsi. Ukiacha kazi, mwajiri hufuta upande wake tu. Mfumo wa IMAP nao husoma barua bila kumpa mtu uwezo huo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini itolewe kwa hiari na kwa ufahamu. Basi soma kwanza, ndipo ubonyeze “Kubali”.