Je, Wajua? Kimono ya Mdoli Hutoka Chini ya Cherehani

Je, wajua kwamba kitambaa cha kimono ya mtu mzima hufumwa chembamba, upana wa sentimita 36 hivi na urefu wa mita 12? Sasa piga hesabu. Mdoli wa sentimita 29, kama Barbie, ni karibu sehemu ya sita ya mwanamke. Upana wa kitambaa chake unabaki sentimita 6, urefu mita 2. Mabaki ya upana huo ndiyo yanayoanguka miguuni pa fundi wa Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, Uganda, kila anapokata gauni la kitenge, na jioni hufagiliwa na kuchomwa. Yakiwa vipande vipande si neno, kwa maana kimono yenyewe ni vazi la kuunganisha vipande.

Na je, wajua ni vipande gani? Viwili vya mwili, viwili vya mikono, viwili vya kuongeza upana mbele, kisha ukosi na kipande kinachoufunika. Vyote vimenyooka. Hakuna kukata mviringo wa kwapa wala kubana kifua. Zamani Wajapani walikuwa wakiifumua kimono nzima, wakaosha vipande, wakavikausha vikiwa vimenyooshwa, kisha wakavishona upya. Ndiyo maana nasema hakuna vazi linalomfaa zaidi msichana anayeanza kushika sindano: akikosea, anafumua na kitambaa bado ni kizima.

Je, wajua kwamba kimono hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia? Ukigeuza, umemvisha maiti. Hata kwa mdoli, Mjapani ataliona kosa hilo kabla hajaona mshono.

Je, wajua kwamba kinachomshinda fundi mzoefu anapomshonea mdoli ni cherehani yake mwenyewe? Meno yanayosukuma kitambaa hukimeza kile kidogo na kukitafuna. Dawa yake ni karatasi ya daftari: iweke chini ya kitambaa, shona juu ya vyote viwili, kisha ichane uitoe. Punguza hatua ya mshono ifike milimita moja na nusu. Tumia sindano nyembamba, si ile ya kushonea kaptula za shule. Na mkono wa nguo ushone ungali bapa, ubavu uwe wa mwisho, kwa sababu tundu la mkono wa mdoli halipiti kwenye mguu wa cherehani. Mshono nao una shida yake. Sentimita moja tunayoacha pembeni kwa mtu, ukiigawa kwa sita, haifiki milimita mbili, na pamba ikiachwa hivyo itafumuka siku ya kwanza ya kuchezewa. Acha milimita nne au tano. Kabla ya kukata, paka wanga mwepesi wa muhogo kwenye mstari, ngoja ukauke, ndipo ulete mkasi. Utepe wa nailoni hauhitaji hayo: upitishe karibu na mshumaa, ukingo unajifunga. Kitenge cha pamba usikijaribu hivyo, kitashika moto.

Je, wajua kwamba nguo za kwanza za Barbie zilishonwa Japani? Alioneshwa kwa mara ya kwanza New York tarehe 9 Machi 1959, na magauni yake madogo yalitoka mikononi mwa wanawake wa Kijapani, wengi wao wakishonea nyumbani. Mdoli maarufu kuliko wote alianzia kwenye kazi ile ile inayofanyika leo barazani pa nyumba za udongo huku kwetu Isingiro.

Je, wajua kwamba kuna wanasesere waliosafiri na pasipoti? Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria iliyowafungia Wajapani mlango wa uhamiaji. Mmishenari Sidney Gulick, aliyekuwa ameishi Japani miaka mingi, akawahamasisha watoto wa Marekani watume midoli kuomba urafiki. Mwaka 1927 ilipelekwa zaidi ya 12,000, ifike kwa sikukuu ya wasichana ya tarehe 3 Machi, kila mmoja na nguo zake na hati yake ya kusafiria. Japani ikajibu kwa midoli 58 mikubwa, kimo cha sentimita 80 hivi, iliyovaa kimono za hariri. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, midoli ya Marekani ikaitwa adui, mingi ikachomwa. Imebaki mia tatu na kitu, kwa sababu walikuwepo walimu walioificha. Kwa msomaji wa Nakivale aliyewahi kupanga foleni ya hati, habari hii haihitaji maelezo.

Je, wajua kwamba Paris nayo iliwahi kukosa kitambaa? Machi 1945 vita vilikuwa bado havijaisha na kitambaa cha magauni ya watu wazima kilikuwa haba. Washonaji wakubwa wa Ufaransa wakatengeneza midoli ya waya, urefu wa sentimita 70 hivi, wakaivisha mitindo ya mwaka huo na kuionesha katika jengo la Louvre. Vifungo vilifunguka kweli na mikoba ilikuwa na vitu ndani. Fedha za viingilio zilikwenda kwa waathirika wa vita. Midoli hiyo sasa iko katika makumbusho ya Maryhill, jimbo la Washington, Marekani.

Mdoli wa kitambaa si mambo ya juzi. Makumbusho ya Uingereza kule London yanaye mmoja wa kitani, aliyejazwa vitambaa na vipande vya mafunjo, aliyetoka Misri enzi za Warumi.

Na kwetu? Wazaramo wa pwani ya Tanzania wana mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, ila kina nywele zilizosukwa vizuri, ambacho mwali hupewa akitunze akiwa ndani. Hapa Uganda watoto hufunga midoli kwa maganda makavu ya shina la mgomba. Isingiro ndiyo wilaya inayojaza malori ya matoke yaendayo Kampala, basi huku mtoto hakosi mali ghafi. Mafundi wa sanaa nao huivisha midoli nguo ya gome la mti wa mutuba, kazi ya mikono ya Baganda iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Kusini zaidi, Namibia, wanawake wa Kiherero hushona midoli yenye gauni refu la matabaka na kilemba chenye ncha mbili kama pembe za ng'ombe. Wafugaji wa Ankole wakikiona kilemba hicho watakielewa papo hapo.

Je, wajua kwamba gomesi, vazi la heshima la Uganda, limepata jina kutoka kwa fundi wa Kigoa aliyeitwa Gomes? Alilishona mwanzoni mwa karne ya 20, na wasichana wa shule ya Gayaza walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulivaa. Shingo ni ya mraba, mabega yamesimama, vifungo viwili upande wa kushoto, na mshipi mpana unaofungwa nyongani. Ukishamaliza kimono ya mdoli, gomesi ndiyo hatua inayofuata. Ugumu uko kwenye yale mabega: weka ndani kipande cha kitambaa kigumu cha ukosi wa shati kuukuu, yatasimama.

Nakivale ilianza na Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo Wakongo ndio wengi, wakiwa na Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Mavazi ya akina mama wa jamii hizi yanatosha kufundishia darasa zima la ushonaji. Guntiino ya Kisomali ni kitambaa kirefu kinachofungwa begani na kuzungushwa kiunoni, hakihitaji hata tundu moja la sindano. Mushanana wa Kinyarwanda una sketi ya mikunjo na shuka jepesi linalopita bega moja. Mama wa Kikongo huzigawa yadi sita za kikwembe mara tatu: blauzi, ya kujifunga, na ya juu yake au ya kumbebea mtoto. Naona vibaya msichana aliyezaliwa Rubondo au Juru, humu humu Nakivale, achezee mdoli mwenye gauni la harusi la Kizungu tu, ilhali mabaki ya kikwembe cha mama yake yako pale mlangoni. Amvishe kama mama yake.

Lakini je, wajua kwamba vitenge vingi havimfai mdoli? Ua moja la kitenge laweza kuwa pana kuliko mdoli mzima, ndege akatokea bila kichwa. Tafuta michoro midogo midogo: nguo za watoto wachanga, mashati ya mitumba ya soko la Mbarara, au pembeni mwa kitenge ambako kuna vidoti na mistari.

Kanga ya mdoli ndiyo rahisi kuliko zote. Kanga halisi ina sentimita 150 kwa 110 hivi, sehemu ya sita yake ni kama leso ya mfukoni, na leso tayari ina pindo pande zote nne. Inasimuliwa kwamba kanga ilizaliwa hivyo hivyo karne ya 19, wanawake wa pwani walipounganisha leso za Kireno sita sita. Na kwa miongo mingi ya karne ya 20, kanga nyingi zilizouzwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zilichapwa Japani, misemo ya Kiswahili ikiwa humo humo.

Je, wajua kwamba mdoli wa plastiki hunyonya rangi ya nguo? Kitenge chekundu au cheusi kikikaa mwilini mwake wiki chache, madoa hayatoki tena. Loweka kitambaa kwanza na ukisuuze hadi maji yawe safi, au weka bitana nyeupe.

Na kama mdoli ni wa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, usimtie macho ya vifungo wala shanga, kwa sababu vikikatika mtoto atavimeza au vitamkaba. Darizi macho kwa uzi, mjaze usufi, na mishono ya shingo ipige mara mbili.