Foto za watoto wetu: baba naye aonekane



Siku moja tulikuwa kwenye kilio cha mwenzetu wa posti ya usiku. Jina lake tunaliacha, kwa heshima ya familia. Watu walitafuta foto ya kuweka juu ya sanduku. Simu ya marehemu ilikuwa imefungwa kwa kode ambayo yeye peke yake aliijua. Mu simu ya mama watoto kulikuwa foto nyingi za watoto wao wawili, lakini baba hakuonekana hata mu moja: yeye njo alikuwa anapiga. Mwisho tulikamata baji yake ya kazi, tukaipeleka kwa mpiga foto wa kartye, akaikuza. Mtoto wake mdogo alikuwa hajatimiza miaka miwili. Atamjua baba yake kwa ile sura ya baji: macho makavu, ukuta mweupe nyuma, namba ya kazi chini.

Tangu ile siku, mu mikutano yetu ya sendika, tukimaliza kuongea mshahara na viatu vya usalama, tunaongea pia foto. Wengine walicheka mwanzoni. Lakini hapa kwetu Katanga, mfanyakazi amepigwa foto na kompani tangu zamani za Union Minière. Sammy Baloji, msanii aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alizikamata zile foto za kale za wafanyakazi, akazipanga pamoja na foto za viwanda vilivyochakaa, dunia ikaziona. Foto za kazi ziko. Foto za nyumbani ni sisi wenyewe tutazipiga, na si lazima kuwa na mashine ya bei kali. Simu ndogo inatosha, kama mtu anajua mambo machache.

La kwanza ni mwangaza. Nyumba zetu nyingi ziko na madirisha madogo, na ndani kuna giza hata mchana. Mtoto hatulii, na penye giza simu inachukua muda mrefu zaidi kukamata sura. Njo maana foto inatoka na ukungu. Fungua mlango. Weka mtoto hatua moja au mbili ndani, uso wake ukiangalia nje. Wewe simama kando ya mlango, usimuzibie mwangaza. Usifanye kinyume, mtoto akiwa mlangoni na jua nyuma yake: uso utatoka mweusi kama makala.

Nje mu lupango, jua la saa sita linatia kivuli kwenye macho na mtoto anakunja uso. Mpeleke chini ya mwembe au upande wa nyumba wenye kivuli, ao ungojea jioni jua likiwa limeshuka. Kama umeme umekatika usiku, usimmulikie mtoto machoni. Elekeza tochi ya simu ya pili kwenye ukuta mweupe ao shuka nyeupe, mwangaza ukirudi ule unakuwa laini.

La pili, ngozi yetu. Mtoto mweusi mbele ya ukuta mweupe, simu inadanganyika: inaona weupe mwingi, inapunguza mwangaza, uso unapotea. Gusa uso wa mtoto kwenye kioo cha simu mbele ya kupiga. Mu simu nyingi kunatokea alama ya jua, ipandishe kidogo. Ao tundika kitenge chenye rangi iliyotulia nyuma yake. Na mbele ya yote, pangusa kile kijicho cha simu na kitambaa safi. Simu inayoshinda mu mfuko na vumbi letu la kiangazi, ao karibu na mafuta ya kupikia, haiwezi kuona vizuri.

La tatu, shuka. Mtu mzima akipiga foto akisimama, anapata kichwa kikubwa na miguu mifupi. Piga magoti, kaa juu ya mkeka, simu iwe sawa na macho ya mtoto. Usivute picha kwa zumu, sogea wewe. Usimlazimishe kusimama kama askari. Mwache acheze na sufuria, ale bukari, avae viatu vya kaka yake. Piga foto 10, utachagua 1, zingine uzifute ili simu isijae.

Sasa baba. Tunajua furaha ya kutoka kazini na mtoto anakukimbilia, na watu wanapenda foto ya mtoto amevaa kaske. Lakini nguo za kazi zinabeba vumbi la mine, na mapafu ya mtoto ni madogo. Toa kwanza zile nguo, oga, njo umubebe. Kisha simu mupe mama, ao mtoto mkubwa, ao jirani. Kama hakuna mtu, iegemeze kwenye kikombe na utumie ile saa ya kuhesabu sekunde 10. Mama pia vilevile: asiwe kila siku mtu wa kushika simu.

Wenzetu wanaokaa kambini majuma mawili wanangojea hizi foto kila jioni. Watumieni. Lakini mujue, foto ikipita kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inapunguzwa nguvu. Kwa kuangalia, inatosha. Kwa kutoa kwenye karatasi, peleka ile ya asili iliyo mu simu iliyoipiga, ao uitume kama dokima. Na kila paie ikitoka, toa walau foto 1 kwenye karatasi. Nyuma uandike jina la mtoto, tarehe na mahali, kwa kalamu isiyobonyeza sana. Simu inaibiwa, inaanguka mu maji, inafungwa na kode.

Jambo moja tena, kama wazazi. Mtoto anayeoga, mtoto mgonjwa, mtoto uchi, ile foto isitoke nje ya nyumba. Na mtoto wa mwenzako usimweke kwenye sitati bila kumuuliza mwenzako.

Juma lililopita ndugu mmoja wa karakana alituletea foto yake mu bahasha. Amekaa kwenye kibago, bila shati, binti yake wa miaka mitatu anamtia bukari mu kinywa. Mkono wa mtoto umetoka na ukungu, na nyuma inaonekana ndoo ya maji. Aliipiga kijana wa jirani. Bibi yake hakuipenda juu ya ile ndoo, lakini ameibandika ukutani.

Tulimwambia aende atoe ya pili, aiweke kwa mama yake mzazi. Nanyi mukirudi nyumbani leo, fungueni mlango, mumupe mtu simu, mukae chini na watoto.